Mama ameanguka mara mbili: tumketishe?

Swali: Shikamoo daktari. Ninaishi Tanga na mama yangu mwenye umri wa miaka 74. Mwaka huu ameanguka mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa alfajiri, uani, alipokwenda kutawadha. Mara ya pili alijikwaa kwenye mkeka sebuleni mchana kweupe. Namshukuru Mungu hakuvunjika, mkono tu ulivimba. Anameza dawa za presha kwa miaka mingi. Baada ya hapo kaka zangu waliamua asitoke nyumbani, asipike, asifagie, na hata maji aletewe chumbani. Sasa ni miezi mitatu. Naona amenywea, na siku hizi hata kuinuka kitini mpaka nimshike. Je, tunafanya sawa? Choo chetu kiko nje na hatuna uwezo wa kujenga kingine.

Jibu: Marahaba dada yangu, na poleni sana wewe na bi mkubwa. Nianze kwa kurekebisha jambo moja: mimi si daktari. Ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kwa zaidi ya miaka 20 kazi yangu imekuwa kuwainua tena watu ambao miguu imewakataa, wengi wao wazee waliowahi kuanguka. Nitajibu kwa upande ninaoujua, na pale panapohitaji daktari nitakwambia.

Kwa ufupi: hapana, hamfanyi sawa, japo najua mnafanya kwa mapenzi. Katika maelezo yako yote, kilichonishtua zaidi ni kwamba siku hizi hainuki kitini mpaka umshike. Miezi mitatu nyuma mama huyu alikuwa anapika, anafagia na anakwenda mwenyewe uani gizani. Uzee haumshushi mtu kwa kasi hiyo. Kukaa kunaweza.

Misuli ya mapaja ndiyo inayomnyanyua mtu kitini, na ndiyo hiyo hiyo inayomdaka akijikwaa. Mguu mmoja ukikwama, wa pili unatakiwa uwahi mbele na kuubeba mwili wote kabla haujafika chini. Misuli isipotumika hupungua haraka kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Kwa siku hizo tu, miguuni peke yake walipoteza karibu kilo 1 ya nyama. Mama yenu halali kutwa, anakaa, kwa hiyo ana nafuu. Lakini amekaa miezi mitatu. Akijikwaa leo ataanguka vibaya kuliko mwanzo, kwa sababu ule mguu wa kumdaka umedhoofu.

Halafu kuna hofu. Mtu anayeogopa kuanguka huburuta nyayo, hukakamaza magoti, hutazama vidole vyake na kupapasa ukuta. Mwendo huo wenyewe unajikwaa. Na kila anaposikia "mama kaa, utaanguka", hofu inaongezeka. Wengine hufika mahali pa kuanguka wakanyamaza, wakasema wamejigonga tu, kwa kuogopa kunyang'anywa na kile kidogo kilichobaki. Ukitaka ukweli kutoka kwa mzee, usimwulize kama ameanguka. Muulize kama kuna siku alijikwaa, akapepesuka, au akashika ukuta ghafla.

Kaka zako wana sababu ya kuogopa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Wanaokufa wengi ni wenye miaka zaidi ya 60. Hofu yao iko mahali pake. Njia waliyoichagua ndiyo itakayowaletea kile wanachokiogopa.

Sasa tuziangalie zile mara mbili, maana hazifanani.

Wazee wengi wa pwani wamenisimulia kuanguka kama kule kwa alfajiri, na huwa nawaomba waanzie kitandani, wasianzie pale walipoangukia. Adhana inalia. Mzee amelala saa nyingi, mwili umelegea. Jana jioni hakunywa maji ili asiamke mara kwa mara kwenda haja. Anafunua chandarua, anashusha miguu, na kwa kuwa muda wa swala unakwenda, anasimama papo hapo. Damu inashuka miguuni na kichwani inapungua. Mwili wa kijana ungekaza mishipa mara moja na kuirudisha juu. Wa mzee unachelewa, na dawa za presha zinaweza kuuchelewesha zaidi. Anaona kama wingu limepita machoni. Anapapasa mlango, anavuka kizingiti, anafika bombani, na pale sakafu ina maji, labda na utelezi wa sabuni ya jana. Anatawadha amesimama: mikono, uso, kichwa. Halafu inafika zamu ya miguu, na anainua mmoja kuupeleka kwenye maji.

Hebu mtazame hapo. Ana miaka 74, ametoka usingizini dakika chache zilizopita, amesimama mguu mmoja juu ya saruji yenye maji, ameinama, gizani. Mwambie kaka yako mwenye nguvu kuliko wote afumbe macho asimame mguu mmoja, umhesabie sekunde kabla hajayumba.

Kwa hiyo msijenge choo, wekeni kiti. Kiti kizito cha mbao pale bombani, cha kimo ambacho akiketi nyayo zinakanyaga chini zote na magoti hayapandi juu ya nyonga, na ndoo yenye kopo juu ya kitu ili asiiname. Atawadhe ameketi. Kama ana wasiwasi iwapo udhu wa kuketi unafaa, imamu wa mtaa wenu atamtuliza vizuri kuliko mimi. Viti vya plastiki sivipendi mahali penye maji: miguu yake hutanuka na kuteleza, na siku moja hupasuka mtu akiwa amekaa.

Sakafu ya hapo iparuzwe ukijani wote, kisha fundi aipige lipu ya mchanga mnene, ikwaruze unyayo. Mkipata fedha msikimbilie tailizi za kung'aa. Nimeona familia ikikarabati bafu la mzee wao kwa nia njema kabisa, ikaweka tailizi nyeupe kama kioo, na mwezi haukuisha nikampokea yule mzee akiwa amevunjika kifundo cha mkono.

Kutoka mlango wa nyuma hadi chooni, fundi wa kuchomelea awafungie bomba la chuma la inchi moja ukutani. Kimo chake: mama asimame wima na mikono ikining'inia, bomba lipite usawa wa kifundo cha mkono. Lifungwe kwa bolti zilizozama ukutani, na kabla mama hajalishika, kaka yako mzito alining'inie. Likitikisika, lifungwe upya. Kama choo ni cha kuchuchumaa, bomba jingine liwe mbele yake, la kujivutia anapoinuka. Na kama magoti hayakubali tena, seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu kikakaa juu ya shimo. Wekeni taa ya sola uani, hata ndogo. Na usiku wa manane, ndoo yenye kifuniko chumbani si aibu. Mvua inanyesha, giza totoro, kwa nini mama wa watu avuke uani?

Turudi kitandani. Mwambieni asisimame papo hapo. Akae ukingoni, nyayo zikiwa chini, apandishe na kushusha visigino mara 20 huku akikunja na kukunjua ngumi. Mimi huwaambia wazee wangu wasome dua ya kuamka hapo hapo, taratibu, mpaka mwisho, visigino vikiendelea kupanda na kushuka. Dua ikiisha, asimame akishika kitu, ahesabu hadi kumi, ndipo apige hatua ya kwanza. Chandarua kitupwe juu kabisa kabla miguu haijashuka. Nimewahi kumhudumia bibi aliyevunjika nyonga kwa sababu ya chandarua kilichonasa kwenye kidole cha mguu. Na kama analalia samadari ndefu ya zamani, ile ya kupandia, kitanda hicho apewe mjukuu.

Hapa ndipo panapohitaji daktari. Mpelekeni kliniki mkaombe jambo moja mahususi: apimwe presha akiwa amelala kwa dakika tano, kisha asimame, apimwe tena baada ya dakika moja, na tena baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, basi presha yake inaporomoka anaposimama, na daktari atahitaji kuangalia upya dawa zake. Nasema muombe kwa sababu wazee wengi hupimwa wakiwa wameketi tu. Presha ya kukaa inaweza kusoma vizuri kabisa wakati ile ya kusimama ndiyo inayomwangusha.

Siku hiyo bebeni mfuko wenye dawa zote zilizomo ndani ya nyumba anazomeza, pamoja na zile ambazo hakuandikiwa na mtu. Mara nyingi tatizo liko humo. Piritoni aliyonunua duka la dawa muhimu kwa ajili ya mafua, akaona inampa usingizi mzuri, sasa anaimeza kila usiku. Amitriptilini ya ganzi za miguu. Daiazepamu ya jirani. Zote zinalegeza mwili na kuchelewesha akili, na mzee anaamka nazo kichwani. Kama kati ya dawa za presha imo ile ya kutoa maji, ulizeni kama anaweza kuinywa asubuhi, maana akiinywa jioni itamwamsha usiku kwenda uani. Kama ana kisukari, ulizeni pia kuhusu sukari kushuka. Lakini nawasihi, msimpunguzie wala kumwachisha dawa za presha wenyewe. Presha isiyodhibitiwa huleta kiharusi, na hapo tutakuwa na mgonjwa mwingine kabisa.

Kule kwa mkeka ni kwepesi zaidi. Mkeka utandikwe ukikaliwa, ukiisha ukunjwe. Ncha zilizojikunja juu ni mtego. Vivyo hivyo kapeti ndogo ya mlangoni na waya wa runinga unaokatiza njia. Kisha angalieni mavazi yake. Madera mengi huuzwa saizi moja, marefu, na wanawake huyakusanya kwa mkono mmoja wakitembea. Mama aliyeshika dera kwa mkono wa kushoto na kikombe cha chai kwa wa kulia hana mkono wa kujidaka. Yapindwe yaishie kifundoni. Ndala nazo, hasa zilizolika kisigino, humlazimisha mtu kubana vidole ili zisimtoke, na mguu uliobana vidole hauinuki vizuri. Mtafutieni kiatu chepesi chenye mkanda wa nyuma na soli isiyoteleza, hata ndani ya nyumba.

Macho yake yalipimwa lini? Mtoto wa jicho humfanya mzee asitofautishe mkeka na sakafu, wala ngazi ya mwisho na ardhi. Utafiti uliofanyika Nottingham, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2005, uliwafuatilia wanawake wenye miaka zaidi ya 70 wenye mtoto wa jicho. Waliofanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza mapema walianguka kwa asilimia 34 pungufu kuliko waliosubiri foleni. Upasuaji huo hufanyika hapa nchini kwetu, wala msiache kwa sababu "bado anaona ona".

Sasa nije kwenye kazi yangu hasa, kumrudishia miguu.

Kabla ya kuanza mpimeni. Chukua kiti kisicho na magurudumu, kiegemezwe ukutani. Pima mita 3 mbele yake, uweke alama ya chaki. Mama akae, viatu vyake vya kila siku mguuni, na bakora kama anatumia. Ukisema haya, ainuke, aende hadi kwenye alama kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi, akae. Hesabu kwa saa ya simu, ukiwa umesimama karibu naye tayari kumshika. Sekunde 12 au zaidi zinaonyesha yuko katika hatari ya kuanguka. Usimwambie amefeli, andika namba na tarehe. Tazama pia anavyogeuka, kama anageuka kwa hatua mbili tatu au anajizungusha vipande vipande kama anayekanyaga mayai. Halafu siku nyingine mnapotembea pamoja, mwulize jambo la kufikiria kidogo, kwa mfano nani alikuwa kungwi kwenye harusi yako. Akisimama kwanza ndipo ajibu, jua kwamba kutembea kumekwisha kuwa kazi inayomaliza akili yake yote. Watafiti wa Sweden waliliandika hilo mwaka 1997: wazee wanaosimama ili waongee ndio walioanguka zaidi katika miezi iliyofuata.

Mazoezi yanasaidia kweli. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2019 uliokusanya majaribio zaidi ya 100 kutoka nchi 25 ulikuta kwamba mazoezi yanapunguza kuanguka kwa wazee wanaoishi majumbani kwa asilimia 23 hivi. Wataalamu wa Otago, New Zealand, walitengeneza mpango wa kufanyia nyumbani, miguu na uzito mdogo tu, na kuanguka kukapungua kwa asilimia 35. Ila iweni waangalifu na jambo moja ambalo watu wengi hulikosea: kutembea peke yake hakutoshi. Kutembea ni kuzuri kwa moyo, kwa sukari, kwa usingizi na kwa roho. Kinachozuia kuanguka ni kuufanya mwili ushike mizani, yaani usiyumbe, katika hali yenye taabu kidogo, mara kwa mara, mpaka uzoee, pamoja na kutia nguvu mapaja. Shirika la Afya Duniani linawataka wazee wafanye mazoezi ya mizani na nguvu angalau siku 3 kwa wiki.

Kwa mama yenu ningeanza na kiti tu. Akae mbele ya kiti, si nyuma kabisa. Miguu airudishe kidogo chini ya magoti, aitanue kama upana wa mabega. Ainamishe kifua mbele mpaka pua ipite magoti, ndipo asukume chini kwa nyayo na kuinuka. Wazee wengi wanashindwa kuinuka kwa sababu wanajaribu kupanda juu wakiwa wima. Uzito wao bado uko nyuma, juu ya kiti. Ukimwonyesha kuinama mbele kwanza, unaweza kushangaa siku hiyo hiyo. Mwanzo ajisukume kwa mikono kwenye mikono ya kiti, na kama ni shida ongezeni mto chini yake. Wewe simama pembeni usimvute. Najua mkono unawasha kumvuta. Ukimvuta, unafanya wewe mazoezi yake. Mara tano asubuhi, tano jioni. Wiki ya pili mara nane. Akizoea, mto utoke. Kisha aache mikono, aikunje kifuani.

Mengine ayafanye chai ikichemka. Ashike nondo za dirisha, apande kwa vidole vya miguu na kushuka polepole mara kumi. Ashike nondo, aweke kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine kama anayepima shamba kwa nyayo, abaki hapo sekunde kumi, abadilishe. Atembee kiubavu kufuata ukuta wa sebule, kwenda na kurudi. Baada ya wiki kadhaa ashike kwa mkono mmoja, halafu kwa kidole kimoja, halafu mikono iwe karibu tu na nondo bila kugusa. Ugumu uongezeke namna hiyo, kwa kupunguza kushika, na kila mara mtu awe karibu. Akipata maumivu ya kifua, akakosa pumzi isivyo kawaida au akaona kizunguzungu, aache na aonwe na daktari.

Na kazi zake mrudishieni. Kupepeta mchele, kukuna nazi akiwa kwenye kiti ikiwa mbuzi ya kukunia ni ya chini mno, kumwagilia mchicha, kwenda kwenye kikundi chake, kwenda kumjulia hali jirani. Swala nayo ina kuinuka na kushuka ndani yake. Kama bado anaweza kusujudu akainuka kwa kushika kiti cha mbele, mwacheni aendelee. Kama hawezi, aswali ameketi mpaka nguvu zirudi.

Akihitaji bakora, ipimweni kama lile bomba: iishie kwenye kifundo cha mkono. Ishikwe upande wa mguu mzima, mkabala na ule unaouma. Wengi hufanya kinyume. Chini iwe na kiatu cha mpira; kikichakaa, fundi viatu atakata kingine kwenye tairi.

Kuhusu chakula nitasema kidogo. Wazee wengi niliowatembelea wanaishi kwa chai ya rangi na mkate asubuhi, na uji jioni, kwa sababu meno hayapo na hamu imekwisha. Msuli haujengwi kwa hivyo. Kila mlo uwe na kitu: yai, maziwa au mtindi, kunde au choroko zilizoiva zikalainika, samaki aliyechambuliwa. Tanga hamkosi dagaa. Wakisagwa na kuchanganywa kwenye mchuzi wa nazi, ni nyama na madini ya mifupa kwa pamoja. Atoke juani asubuhi kwa ajili ya vitamini D, ambayo hupungua akifungiwa chumbani. Maji anywe kwa wingi mchana, apunguze baada ya magharibi, badala ya kujinyima kutwa.

Sasa, pamoja na haya yote, anaweza kuanguka tena. Mjiandae. Akianguka msimnyanyue kwa pupa kwa kumshika makwapani. Mwacheni apumue, mwulizeni panapouma. Mkiona mguu mmoja umefupika na unyayo umelalia nje, au hawezi kuuinua, hiyo huenda ni nyonga. Asisimamishwe, asikandwe, asipakwe kitu, asipelekwe kwa wa kuvuta viungo. Abebwe amelala, moja kwa moja hospitali. Vivyo hivyo kama alipoteza fahamu, hata kwa sekunde, kwa sababu huenda ni moyo. Kama aligonga kichwa, hasa ikiwa anameza dawa za kuzuia damu kuganda, aonwe siku hiyo hiyo, na mwangalieni wiki kadhaa: kichwa kinachouma kisichopoa, usingizi usio wake, maneno kuchanganyika. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu la mzee. Na akianza kuanguka anguka ghafla ndani ya siku mbili tatu, apimwe malaria, mkojo na kifua. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makubwa bila joto kupanda, na kuanguka kukawa ndiyo dalili ya kwanza.

Kama hakuumia, afundishwe kuinuka mwenyewe, na afundishwe leo akiwa mzima, juu ya lile godoro la wageni. Ageukie ubavu. Ajisukume kwa kiwiko, kisha kwa kiganja, mpaka akae kiubavu. Apige magoti na mikono kama mtoto anayetambaa, atambae hadi kwenye kiti mlichomsogezea. Mikono yote miwili juu ya kiti. Mguu wenye nguvu zaidi aulete mbele, unyayo chini, kisha ainuke kwa kusukuma na ageuke akae. Nilimfundisha hivyo bibi mmoja aliyekuwa hatoki kitandani kwa hofu. Siku aliyofanikiwa mara ya kwanza alikaa pale kitini anahema, akanitazama, akasema, "Kumbe chini kuna njia ya kurudi." Wiki hiyo alianza kwenda mwenyewe barazani.

Kwa upande wa huduma, Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na hospitali nyingi za serikali zina dirisha la wazee. Mkifika hospitali ya Bombo hapo Tanga ulizieni dirisha hilo, na ulizieni mtaalamu wa fiziotherapia amwone akitembea kwa macho yake. Mwendo hausomeki vizuri kwenye maandishi.

Kaka zako wasomee barua hii yote, ukiweza mbele ya mama. Wao ndio nawataka wafunge bomba na kupaka lipu, maana wanataka kumlinda na hiyo ndiyo kazi ya kumlinda. Mmoja awe na zamu ya kuhesabu saa kila Ijumaa, akitoka msikitini. Baada ya wiki sita niandikie: presha ya kulala na ya kusimama, na sekunde alizotumia kwenda kwenye alama na kurudi, wiki ya kwanza na ya sita. Na msalimie sana bi mkubwa.